Sahihi ya Nyumba Nzima

Ukimuuliza Caritas amechoka tangu lini, atakujibu tangu Buffalo. Wala hatanii. Kabla ya Buffalo alijua njaa, alijua hofu, alijua malaria na vidonda vya miguu. Lakini kuchoka huku kwa Marekani, kuchoka kwa mtu aliyekula akashiba na kulala kitandani, alikutana nako mtaa wa East Side, majira ya baridi ya kwanza, akisubiri basi saa kumi na moja alfajiri huku theluji imemfika magotini. Alidhani ni uchovu wa siku moja. Hee! Ulikuwa umekuja kukaa.

Ana miaka arobaini na sita, ukimwona utampa sitini. Ni Mrundi, mjane, na kazi yake ni kuosha na kulisha wazee wa watu katika nyumba ya wazee. Kirundi alikipata kwa mama yake, lakini Kiswahili ndicho kilichomkuza, maana alikimbilia Kigoma akiwa msichana wa miaka kumi na minne, akakaa kambini mpaka akaolewa na Athanasi na kuzaa. Kati ya watoto wake, wawili walifika Marekani: Aline, akiwa na miaka tisa, na mdogo wake Sylveri, wa miaka minne. Ndiyo maana hadi leo watu wanamwita Mama Aline.

Marekani kakaa miji mitatu, na miji hiyo mitatu iko majimbo matatu. Buffalo walikaa miaka minane. Athanasi alifanya kazi kiwandani mpaka figo zikakataa, akazikwa kule kule. Wifi yake Caritas, Laurentine, bado yuko huko, amenunua nyumba Cheektowaga karibu na uwanja wa ndege, na kila akipiga simu anamwambia jambo lile lile: "Wifi, rudi. Huku sheria ya bunduki ni kali." Akimaliza kusema hivyo anaanza kuhesabu waliopigwa risasi mwezi huo. Caritas humwuliza, sasa ukali wake uko wapi? Laurentine husema bunduki zinaletwa kutoka majimbo mengine kwa gari. Basi wote wawili wanaguna, na kuhamia kwenye bei ya mchele.

Baada ya msiba wa Athanasi, Caritas aliwachukua watoto akaenda Louisville, jimbo la Kentucky, kwa sababu maghala ya Okolona yalikuwa yanaajiri mtu yeyote mwenye mikono miwili. Huko ndiko Sylveri alikomaliza shule. Huko ndiko alikopata kazi yake ya kwanza, kupakia maboksi, akiwa na miaka kumi na minane. Na huko ndiko alikofia, kwenye maegesho ya ghala, saa tisa mchana, watu wakipishana zamu.

Sababu? Mkwaruzo wa gari. Urefu wa kidole, jamani! Gari la Sylveri lilikwaruza gari la kijana mwenzake, wakarushiana maneno, na yule kijana alikuwa na bastola aliyoinunua, alivyosema mwenyewe mahakamani, ili ajikinge. Sylveri alikuwa ameshika kopo lake la chakula, lile lenye kifuniko cha kijani. Caritas ndiye aliyepika chakula kile, wali na maharage.

Kesi ilipokwisha na kijana akafungwa, Caritas aliuliza jambo moja tu. Alimpigia mpelelezi, mkalimani akiwa kwenye simu, akauliza: ile bastola mtaifanya nini? Alitaka kusikia imeyeyushwa. Alitaka kusikia imekatwa vipande ikatupwa mtoni. Mpelelezi alikuwa mtu mkweli. Akamwambia itapelekwa kwenye jimbo, na jimbo litaiuza kwa mnada kwa wenye maduka ya bunduki, na pesa zitawanunulia polisi vifaa. Caritas alidhani mkalimani kakosea, akamwomba arudie. Mkalimani akarudia, safari hii polepole, kama anayeomba radhi.

"Na jiji je?" akauliza. "Jiji haliwezi kuiharibu?"

"Jiji halina ruhusa, mama. Sheria ya Kentucky inasema mambo ya bunduki ni ya jimbo. Mji hauruhusiwi kuwa na sheria yake."

Siku ile Caritas alijifunza kwamba pale alipokuwa anaishi kulikuwa na serikali mbili: moja inamjua mwanawe, imemfunika shuka, imefunga barabara na kuandika jina lake, nyingine iko mbali, haimjui, na ndiyo yenye kauli. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, tunasema. Lakini kule hata kupigana hakukuwapo. Fahali mmoja alikuwa amefungwa kamba.

Aline alipopata kazi kwenye ghala la Columbus, jimbo la Ohio, mama alimfuata. Angebaki Louisville afanye nini? Kila akienda sokoni anapita barabara ya maegesho yale.

Columbus ni mji wa ajabu kidogo. Ofisi za jiji na jumba la wakubwa wa jimbo ziko karibu karibu, mtu anaweza kutembea kutoka hapa hadi pale bila kuloa jasho, na bado wanaburuzana mahakamani. Jiji linatunga sheria ya bunduki, jimbo linasema huna mamlaka. Lakini Ohio ina jambo moja ambalo Kentucky haina. Raia wakikusanya sahihi za kutosha, laki nne na zaidi, wanaweza kuweka swali kwenye kura, wapigakura wote waamue wenyewe. Haya aliyasikia kwa Bi Marlene, mwalimu mstaafu, ambaye mama yake wa miaka tisini na mmoja anaoshwa na Caritas kila asubuhi. Bi Marlene alikuja siku moja na vitabu vya sahihi ndani ya kikapu. Swali lenyewe lilikuwa fupi: je, miji iruhusiwe kuwa na sheria zake za bunduki?

Caritas alikuwa anamkausha bibi vidole vya miguu. Akasema, bila kuinua kichwa, "Nipe kimoja."

Usidhani alifanya hivyo kwa nguvu na matumaini. Hakuwa navyo. Alijua kura ikipita Ohio haitaifuata bastola ya Kentucky. La kuvunda halina ubani. Lakini miaka yote tangu kifo kile, watu walikuwa wanamwambia aombe, avumilie, ale, alale. Hakuna aliyemwambia afanye. Kitabu kile kilikuwa kitu cha kwanza kuipa mikono yake kazi isiyo ya kuosha.

Jumapili tatu mfululizo alisimama kwenye mlango wa kanisa. Kanisa lao linakodi ukumbi wa shule, nusu Wakongomani, nusu Warundi, na mahubiri yanakwenda kwa Kiswahili ili wote waelewe. Alifunika meza ndogo kwa kitenge, akaweka kitabu na kalamu ya wino wa bluu. Na watu waliandika! Wengi walikuwa wamekwisha kuapa uraia na kujiandikisha kupiga kura, na wote walimjua Sylveri kwa picha. Shemasi Zéphyrin, Mkongomani wa Uvira, mnene, mwenye sauti ya kuamsha wafu, alikuja wa kwanza.

"Bon, Mama Aline," akasema, "mimi njo chef wa nyumba. Naandika bote." Akajiandika mwenyewe kama mkuu wa nyumba, akamwandika mke wake Bulonza, akawaandika vijana wake watatu, kila jina na sahihi yake, mkono mmoja, mfululizo. Bulonza alikuwa hatua tatu nyuma yake akimfunga mjukuu viatu.

Aliyefuata naye akaandika nyumba yake. Na aliyefuata. Nyumba kumi na mbili, majina arobaini na matatu, na hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Waone ajabu ya nini? Kambini kadi ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Siku ya mgao mtu mmoja alienda, akabonyeza kidole gumba, akarudi na mahindi ya wote. Hakuna karani aliyewahi kukuuliza kama mume wako amekubali kula maharage. Ulijibu kwa niaba ya nyumba, ukala kwa niaba ya nyumba, na hata ndege iliyokuleta Marekani ulipandishwa kwa niaba ya nyumba.

Nyumba ya Caritas ndiyo ilikuwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Aliiandika usiku uleule alipopewa kitabu: Caritas, Aline, Sylveri.

Ndiyo, Sylveri. Hakuandika kwa hila. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kwenye swichi ya taa. Na kuna jambo lingine, ambalo watu wa kambini hawalisemi mbele za wageni. Mtu wako akifa kambini, hukimbilii ofisini. Ukimripoti, jina linafutwa na kibaba kinapungua. Caritas alikuwa na mtoto wa kati, msichana wa mwaka mmoja, aliyechukuliwa na homa. Majirani walimwambia, dada, nyamaza. Akanyamaza. Miezi saba jina la mtoto lilibaki kwenye kadi, na kila alipokoroga uji alijua sehemu ile ni ya nani. Mwisho karani aligundua siku ya kuhesabu watu, akachukua rula na kumfuta. Caritas alilia siku ile kuliko siku ya mazishi. Tangu hapo hajawahi kumpunguza mtu wake kwenye orodha yoyote.

Alhamisi moja jioni alikutana na Bi Marlene maktaba ili akabidhi kitabu. Alikuwa ametoka kazini, viatu vinambana, lakini alikuwa na kitu kama furaha. Arobaini na matatu! Bi Marlene alifungua ukurasa wa kwanza akitabasamu. Akafungua wa pili. Tabasamu likapungua kidogo kidogo, mwisho akavua miwani.

"Caritas, hawa watu ulikuwepo wakisaini?"

"Nilikuwepo. Wote nimewaona kwa macho yangu."

"Huyu Bulonza ulimwona akisaini?"

"Mume wake alimsainia. Nilimwona."

Bi Marlene aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu wa kupayuka. Alimweleza polepole, kwa Kiingereza cha darasani, kwamba kila mtu lazima asaini kwa mkono wake mwenyewe. Kwamba ukurasa wa mwisho kuna tamko, na Caritas anatakiwa kutia sahihi kwamba kila jina limeandikwa na mwenyewe. Kwamba akitia sahihi hiyo huku anajua si kweli, kitabu chote kinatupwa, na yeye anaweza kushtakiwa.

"Nishtakiwe?" Caritas alishika ukingo wa meza. Kitu cha kwanza kilichomjia ni karatasi yake ya uraia, ile iliyo kwenye bahasha chini ya godoro. "Mimi sijaiba kitu."

"Najua. Na bahati nzuri bado hujatia sahihi ya mwisho. Yafute yasiyo halali, mstari mmoja juu ya kila jina. Yatabaki yaliyo halali. Halafu, kama unaweza, warudie watu, waandike wenyewe kwenye mistari iliyobaki. Lakini ni mpaka Jumatatu."

Walihesabu pamoja. Katika arobaini na matatu, yaliyobaki halali ni kumi na mawili tu: wale wakuu wa nyumba. Bi Marlene akarudi ukurasa wa kwanza, kidole chake kikasimama.

"Sylveri ni nani?"

"Mwanangu."

"Yule...?"

"Huyo huyo."

Bi Marlene akashika kalamu. Kisha akasema angeweza kumfuta yeye, kama Caritas hatajali. Caritas akachukua kitabu, akakitia mkobani. "Nitamfuta mwenyewe," akasema. Akaenda kusubiri basi.

Ijumaa alifuta wengine, wakati wa mapumziko ya kazi, kwenye chumba chenye mashine ya soda. Majina ishirini na tisa. Alitumia ubao mdogo wa kubania kadi za chakula cha wazee kama rula, kisha akautia mkobani. Aliacha mawili ya nyumbani kwake. La Aline hakutaka kulifuta kabla Aline hajaandika tena chini, ili nyumba isipungue hata kwa saa moja. La Sylveri aliliacha tu.

Jumamosi saa sita mchana Aline aliamka. Zamu yake ghalani inaisha saa nane usiku, kwa hiyo asubuhi yake huanza wakati wenzake wanapika cha mchana. Ni msichana mrefu, miaka ishirini na saba, hana maneno mengi, na kama vijana wote waliokulia huku, unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Akirudi kwenye Kiswahili ujue jambo ni zito. Alikuwa anamimina kahawa mama yake aliposukuma kitabu mbele.

"Njoo usaini hapa chini. Wanasema lazima iwe kwa mkono wako."

Aline alisoma. Alisoma yote, hata yale maandishi madogo ya juu. Halafu akaona jina lake.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, "nani aliandika jina langu?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Sylveri si mdogo wako?"

"Ni mdogo wangu." Aliweka kikombe chini. "Mimi sisaini, mama."

Caritas alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajaelewa. Aline hakucheka. Akaenda chumbani, akarudi na mkoba wake mweusi, ule mdogo, anaokwenda nao kila mahali. Mara ngapi Caritas ameuhamisha mkoba ule kutoka kiti hiki kwenda kile! Hata kanisani aliwahi kuupakata ibada nzima. Aline alifungua zipu ya ndani, akatoa bastola, akaiondoa risasi kwa mkono uliozoea, akaiweka mezani kati ya kopo la sukari na kitabu cha sahihi.

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, wahenga walisema. Haya, Caritas alikuwa analala ndani.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu tulipohamia hapa. Nimejifunza kuitumia. Natoka kazini saa nane usiku, mama, natembea kwenye maegesho peke yangu. Unajua nawaza nini nikitembea?"

"Najua unawaza nini."

"Hujui. Wewe unawaza kama yule kijana asingekuwa na bunduki. Mimi nawaza kama Sylveri angekuwa nayo." Akagonga meza kwa kidole. "Alikuwa na kopo la wali mkononi. Kopo, mama!"

Hasira na huruma vilimjia Caritas pamoja. "Na yule aliyemuua," akasema, "naye aliinunua ya kujikinga. Tulimsikia wote. Ulikuwa umekaa pembeni yangu."

Aline alitazama dirishani. Hakusogeza mkono kuchukua kalamu.

Bastola ilikuwa nyeusi, fupi, na kwenye mpini ilikuwa na mchubuko. Caritas aliwahi kuiona ile nyingine mara moja tu, kwenye picha mahakamani, na kando yake kibao cha namba. Ilikuwa nyeusi vilevile.

"Hii ni mpya?" akauliza.

"Hapana. Mpya ni ghali. Ilikuwa imetumika."

"Imetumika na nani?"

"Mama, dukani hawakwambii."

Caritas alitaka kuuliza duka lenyewe huwa linanunua wapi bidhaa zake. Akaogopa. Akaogopa zaidi kwamba Aline hajui, na kwamba hakuna mtu yeyote, wa jiji wala wa jimbo, atakayeweza kumwambia. Aliisogeza bastola kwa ncha ya kalamu mpaka ikawa mbali na kitabu. Kisha akavuta ule ubao wa kadi, akauweka juu ya jina la Aline, akapiga mstari.

Aline alikuwa anamtazama. "Umekasirika?"

"Nimechoka," Caritas akasema. "Nilidhani nyumba hii ina moyo mmoja. Nimekuwa nikikuandika tangu ulipozaliwa."

Akashusha ubao mstari mmoja. Hapo alikaa. Kahawa ya Aline ilipoa, jirani wa juu akawasha mashine ya kufulia ikaanza kutetemesha dari. Yule mtoto wa kambini alifutwa na karani. Alimchukia karani yule miaka ishirini na zaidi, na mtu wa watu alikuwa anafanya kazi yake tu. Caritas akapiga mstari juu ya jina la Sylveri, mstari mmoja, mwembamba, jina linasomeka bado chini yake. Machozi yalimtoka akayaacha yashuke. Aline alikuja akasimama nyuma ya kiti, akamwekea mikono mabegani, na wakakaa hivyo, juu ya ukurasa jina moja tu la nyumba ile limesimama.

"Unaenda kwa nani sasa?" Aline akauliza baadaye, kwa Kiingereza.

"Kwa Shemasi Zéphyrin. Halafu kwa wengine. Mpaka Jumatatu."

"Jumamosi basi ni moja kwa saa." Aline akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Nitakupeleka."

"Hiyo iache nyumbani."

"Hapana, mama."

Caritas alimtazama. Alikuwa na maneno mengi, na yote alikuwa amekwisha kuyasema mbele za Mungu miaka minne. Akachukua kitabu na koti lake.

Kwa Zéphyrin walikuta vyungu vinachemka na wajukuu wanakimbizana. Aline alibaki garini. Shemasi aliposikia habari aliruka. "Bibi yangu aandike yeye mwenyewe? Kwani mimi si bwana yake? Mwaka gani sahihi yangu ilikataliwa?"

"Wanataka kila mtu kwa mkono wake, shemasi. Hata mimi nilikuwa sijui."

"Zéphyrin, acha kelele, leta kalamu," Bulonza akasema. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaketi, akakiweka kitabu vizuri kana kwamba ni mtoto mchanga. Hakuwahi kutia sahihi kitu tangu siku ya kiapo cha uraia. Aliandika polepole, herufi kwa herufi, ulimi umetokeza kidogo, na alipomaliza alikitazama kile alichoandika kwa muda mrefu kuliko alivyokiandika. Vijana wawili wakafuata. Wa tatu alikuwa kazini.

Kisha Bulonza, mwanamke asiyepitwa na kitu, akafunua ukurasa wa kwanza. Akaona mistari.

"Sylveri, hapo tunaelewa," akasema taratibu. "Mungu amulaze. Lakini Aline? Aline iko muzima, minamuona pale mu gari."

Ilikuwa rahisi kusema atasaini baadaye. Ilikuwa rahisi kusema kalamu ilikosea. Caritas alifungua mdomo kusema moja ya hayo.

"Aline nilimwandika bila kumuuliza," akasema. "Leo nimemuuliza. Amekataa."

Zéphyrin akashangaa. "Akatae namna gani? Mdogo wake si njo..."

"Ana sababu zake. Ni mtu mzima."

Bulonza alimsindikiza hadi mlangoni, akamshika mkono kwa nguvu, akamtilia kwenye mfuko vitumbua vinne, viwili vya Aline.

Garini, mkoba mweusi ulikuwa kwenye kiti cha mbele. Aline aliusogeza katikati ili mama apate nafasi.

"Wamesaini?"

"Watatu. Mmoja yuko kazini, nitamrudia kesho."

"Wamekuuliza juu yangu?"

"Wameuliza."

"Ukasema nini?"

"Nimesema ulivyosema." Caritas akafunga mkanda, akataja anwani inayofuata. Barabara ya kule ina mashimo, majira ya baridi yameila. Gari liliporuka mara ya kwanza, mkoba uliteleza kuelekea ukingoni mwa kiti, na Caritas akauwahi. Njia nzima mkono mmoja ulishika kitabu mapajani, na mwingine aliuweka juu ya mkoba, usianguke.